Skrubu Nne za Mlango wa Bafu

Mume wangu mtaani wanamwita Mhandisi. Msidhani ni sifa. Ni jina alilopewa na jirani wa mkono wa kulia siku alipopanda juu ya bati kuziba tundu moja, akashuka ameacha matatu. Kazini kwake anapanga mafaili, na nasikia anayapanga vizuri sana. Angeishia kwenye mafaili, mimi leo ningekuwa mtu mwenye afya.

Nyumba yetu ilikuwa na masharti kumshinda mganga. Swichi ya sebuleni ilibonyezwa kwa mwiko, tena wa mti, tena mkavu; ukitumia kidole, shauri yako. Bomba la jikoni lilikazwa kwa spana, likazungushiwa mpira wa baiskeli, kisha likaendelea kuvuja kwa raha zake. Dirisha la chumbani lilishikiliwa na uma. Na mlango wa bafu, jamani! Kuufungua kulitaka watu wawili: wa ndani anauinua kwa kitasa, wa nje anaupiga teke pale chini palipobonyea. Miaka tisa tumeoga kwa miadi.

"Leta fundi," nilisema mpaka koo likakauka.

"Mafundi wezi. Jumamosi natengeneza mwenyewe."

Na Jumamosi alitengeneza kweli, maana mume wangu si mtu wa ahadi hewa. Jumapili tukawa na tatizo jipya pamoja na lile la zamani.

Ndipo baba yangu alipokuja kukaa kwetu.

Baba alikuwa seremala miaka arobaini. Kiharusi kilimpiga, mkono wa kushoto ukalegea, akaanguka jikoni kwake asubuhi akiwa peke yake, maana mama alishafariki. Jirani alimkuta saa kumi jioni, bado yuko sakafuni, anahesabu mbao za dari. Hospitali walipomruhusu nikamchukua. "Wiki moja tu," akasema hata kabla hajakaa. Nikaitikia ndiyo baba, huku moyoni naapa kwamba kule harudi. Niliogopa. Sijawahi kuogopa kitu kama kuja kumkuta tena pale chini, na safari hiyo hahesabu chochote.

Siku mbili za kwanza alikaa kwenye kiti karibu na dirisha kama mzigo uliosahauliwa na mwenyewe. Hali, haongei. Mhandisi alimtembeza nyumba nzima kwa fahari, mwiko huu hapa, spana ile pale, na baba akatikisa kichwa tu.

Siku ya tatu akaingia bafuni wakati mimi nimekwenda sokoni. Masharti ya mlango alikuwa ameambiwa, ila wa kupiga teke hakuwepo. Nilirudi baada ya saa nzima na nusu, nikapiga teke, nikamkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, shati limelowa jasho. Nikaanza kulia na kuomba radhi. Wala hakunisikiliza.

"Bawaba hii nani kaifunga?"

"Mkweo, baba."

"Kwa misumari?"

"Kwa misumari."

"Misumari!" Alisema kama mtu aliyeambiwa mwanawe kakamatwa na kuku wa watu. "Bawaba inafungwa kwa skrubu, mwanangu. Hata mlevi anajua. Niletee bisibisi."

Bisibisi yetu ilikuwa kwenye mlango wa kabati, ndiyo komeo lake. Nikaichomoa, kabati likafunguka, sufuria mbili zikaanguka, nikampelekea.

Mkono wa kushoto ukamkataa. Skrubu ya kwanza ilimponyoka mara kumi na moja. Nilihesabu, kwa sababu alinikataza kuiokota. Mwisho akaegemeza mlango kwa bega na kuibana skrubu kwa meno. Mpaka jua linazama alikuwa amefunga bawaba moja tu. Jioni ile alikula, akaomba aongezwe.

Wiki ikaisha, hakuna aliyeitaja. Mwezi ukaisha. Aliagiza sanduku lake la zana, na kila asubuhi baada ya chai aliuliza, "Haya, leo tunaumwa wapi?" Mkono ukaanza kurudi: ulishika msasa kwanza, kisha skrubu, kisha siku moja ukashika kikombe cha chai na hakuna aliyethubutu kusema neno, tukajifanya vipofu wote. Kwa mara ya kwanza tangu ndoa nilimshukuru Mungu kwa mikono ya mume wangu. Uharibifu aliouacha ulitosha kumweka baba miaka mitano.

Lakini Mhandisi ni Mhandisi. Jirani wa mkono wa kulia, ambaye kazi yake ni kulinda heshima za watu wengine, akamwambia kutoka upande wa pili wa ukuta, "Yaani mkweo mgonjwa ndiye kibarua wako? Huna hata haya?" Ikamchoma. Mkwe unampa kiti, unampa mto, unampa kuku. Yeye alikuwa amempa dari ya kutengeneza. Basi siku niliyompeleka baba kliniki, mume wangu, yule yule wa mafundi wezi, akaita mafundi wanne kwa mpigo.

Tuliporudi, swichi iliwaka kwa kidole. Bomba kimya. Mlango wa bafu, ambao baba alikuwa bado anautafutia bawaba ya pili, ulikuwa na bawaba mpya juu na chini. Baba akausukuma kwa kidole kimoja, ukaenda. Akauvuta, ukarudi. Mhandisi amesimama pembeni anatabasamu kama bwana harusi.

"Sasa pumzika, baba. Hakuna kazi tena."

"Kazi nzuri," baba akasema. Akaingia chumbani, nikasikia zana zikirudi sandukuni moja moja. Alipotoka alisema, "Kesho asubuhi narudi kwangu."

Nilibembeleza, nikalia, nikataja mpaka jina la marehemu mama.

"Mwanangu, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," akasema. "Jembe mlinipa. Leo mmeninyang'anya. Nikae hapa nihesabu wapita njia?"

Niliyomwambia Mhandisi chumbani hayaandikiki. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nilitaka kumheshimu tu." Na kilichoniuma zaidi ni kwamba alisema kweli.

Alfajiri nikaamka, nikachukua kisu cha jikoni, nikaenda bafuni. Miaka tisa nimeudai mlango huu, na sikuufaidi hata siku mbili. Skrubu ya kwanza ilinitoa jasho. Mafundi wale, Mungu anawaona, walijua kazi. Nikatoa ya pili, ya tatu, ya nne, nikazipanga dirishani. Mlango ukabaki unaning'inia kwa bawaba ya chini.

Mara nikasikia maji jikoni. Nikakimbia. Mhandisi huyo, na nguo zake za kulalia, spana mkononi, bomba linamrushia maji mpaka darini.

"We mwanamume, unafanya nini?"

"Nimelegeza kidogo tu!" Alikuwa anatapatapa. "Nilitaka livuje kidogo, baba asijue ni mimi!"

Hata kuharibu kwa makusudi kulimshinda.

Baba akatokea, koti mwilini, sanduku mkononi. Akaangalia maji, akamwangalia mkwewe, akaenda bafuni. Nikamfuata. Akaokota kisu changu, ncha imepinda. Akazitazama skrubu zilizokaa dirishani kwa mstari.

"Zimetoka zenyewe?"

"Nyumba ya zamani hii, baba," nikasema, halafu uongo ukanishinda. "Baba, usiende. Naogopa. Naogopa nitakukuta chini tena."

Aliipima ile ncha kwa kidole gumba, na kule jikoni maji yanamwagika, na mume wangu anayaomba yakome. Kisha baba akaweka sanduku chini, akavua koti, akarudi jikoni.

"Wewe," akamwambia Mhandisi, akimnyooshea kidole cha mkono wa kushoto, "kafunge koki ya nje. Halafu usiguse kitu." Akanigeukia. "Na wewe, kisu si bisibisi. Leo tunafanya bomba."

"Na mlango, baba?"

"Mlango kesho."

Siku ile tulioga tumetundika shuka mlangoni, mmoja mmoja, na mimi huko ndani nililia mpaka maji ya ndoo yakaisha.