Dadu la Filamu ya Skardal

Åshild alikuwa amehakiki filamu gazetini kwa miaka ishirini, na hii ilimchosha mapema. Shujaa mwenye kidevu cha kupasulia kuni alitaka kuokoa mto kwa kulipua kila kilichokuwa kando yake. Aliruka kutoka helikopta mara nne, akahubiri mara tano. Kilichobaki ni dadu tu, lile linalochapwa kando ya kila uhakiki kuonyesha alama, moja mpaka sita. Hili lilikuwa la mbili, tena kwa huruma.

Lakini dakika ya thelathini na nane bonde la Skardal lilitokea kama lilivyokuwa kabla ya bwawa. Ukungu, mbuzi, nguo kambani, na nyumba ya manjano alimozaliwa mama yake, ambayo ina miaka sitini chini ya maji. Mafundi waliichora upya kutokana na picha ya zamani. Moshi ulipanda taratibu, mbuzi mmoja akageuza shingo, na Åshild akasahau kwamba ana kalamu mkononi.

Mama yake, Gunnvor, alikuwa ameshakwenda kuiona mara sita.

“Umeipa ngapi?” aliuliza asubuhi, akimkatia jibini la kahawia.

“Bado.”

“Nimekulea mimi. Huo uso ni wa mbili.”

“Nikitoa mbili wataiondoa Ijumaa, mama.”

“Najua. Ukumbi wenyewe mmoja, na watu wa hapa wanaliamini dadu lako kuliko utabiri wa hali ya hewa.”

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Leo Åshild alionja ncha yake. “Naweza kuandika nne. Nani atajua?”

Gunnvor aliweka kisu chini. “Babu yako alitia saini karatasi ya kukubali bwawa kwa kuwaonea haya majirani. Alijua si sawa. Usianze na wewe.”

Ikachapwa mbili.

Alhamisi, onyesho la mwisho, walikuwa wao wawili tu ukumbini. Ukungu ulipofunguka, Gunnvor alimshika mwanawe mkono. “Dirisha la jikoni,” alinong’ona. “Mama hakuwa akilifunga.” Åshild alilia bila kuficha. Moshi ulipanda, ukapanda, kisha helikopta ikaingia na kelele zake.

Gunnvor akachukua mkoba. “Twende zetu,” alisema. “Mpaka hapa ilikuwa sita.”