Vichwa vya Roja

Tangu mvua ya kwanza inyeshe, Ketamma hakutulia. Akiwekewa ugali wa wimbi, anaumega, anainuka kuchungulia njia ya msituni, anarudi, anainuka tena.

“Umekalia siafu?” Bibi Dasamma alimuuliza.

“Bibi, roja ikishang’olewa, inarudi?”

“Roja hata ukiitukana inarudi. Kula, mjukuu wangu.”

Hakula. Msimu mzima watoto wa shule yao, Wasoliga wote, watu wa jadi wa msitu huo, walikuwa wakiingia msituni kila Jumamosi na Mwalimu Jademada, wakijifunza mimea kwa kuishika na kuinusa: huu wa kwetu, huu mgeni. Mgeni mkubwa ni roja, kichaka cha miba na maua mazuri, kilichosonga nyasi mpaka swala hawana malisho. Bwana misitu aliwapa kipande kando ya kijito wang’oe roja yote. Akasema waziwazi: baada ya mvua akikuta pasafi, matembezi yataendelea, akikuta pameota, lango litafungwa, maana msitu wenye chui milia si mahali pa watoto wa kucheza.

Hakuna aliyeyapenda matembezi hayo kama Ketamma. Darasani alikaa nyuma, akiomba asiitwe. Msituni wenzake walimwuliza yeye.

Jumamosi ya ukaguzi alitangulia mbele ya wote, karibu mbio. Kufika kijitoni, akasimama. Roja waliyoing’oa ilikuwa imechipuka, tena si ovyo kama ilivyo tabia yake. Imechipuka kwa mistari, hatua moja moja, kama shamba la mtu mwenye bidii.

Mwalimu Jademada alichimbua chipukizi moja kwa kidole. Chini yake palikuwa na kichwa cha mzizi, kimesimamishwa wima, kimefukiwa kwa udongo laini na jani juu yake.

“Hii imepandwa,” alisema.

Macho yote yakamgeukia Bommayya, kwa sababu ndiye aliyewahi kutia kaa wa kijitoni kwenye mfuko wa mwalimu.

“Mimi?” Bommayya alisema. “Mimi nipande mistari imenyooka hivi? Mwalimu, si unayajua maandishi yangu?”

Wenzake wakacheka. Ketamma alikuwa akilitazama lile jani.

Kwao, ukichimba kiazi kikuu cha mwitu huondoki nacho chote. Unakata kichwa chenye shina la mtambaazi, unakirudisha shimoni, unakifukia, unaweka jani, unasema: hiki cha nguruwe, hiki cha atakayekuja. Bibi alimfundisha hayo kabla hajajua kuhesabu. Siku ile ya kung’oa, wenzake walikata vichwa vya roja wakavitupa, wakaacha mashimo wazi. Yeye alibaki nyuma akivirudisha kimoja kimoja. Hakuwaza lolote, mikono ilikwenda yenyewe.

“Ni mimi,” alisema. “Niliona mashimo yako wazi.”

“Ukavirudisha vichwa vya roja?” Bommayya alimkodolea macho. “Na maneno ukasema?”

“Nikasema.”

“Hiki cha nguruwe? Nguruwe mwenyewe roja haili, dada.”

Ketamma alijifuta macho kwa mgongo wa mkono. Bommayya akaona, akakuna shingo. “Hata mimi nilirudisha viwili,” alisema.

Haikuwa kweli. Siku ile alishinda juu ya mti wa nelli akila matunda yake machachu. Ketamma alijua, na wema huo hakuusahau.

“Kwa kiazi ulifanya vyema,” Mwalimu alisema. “Cha roja kinatundikwa mtini, mizizi juu, kikauke. Nililisema mara moja tu, nanyi mlikuwa mnamtazama kima. Haya, bwana misitu anafika saa sita.”

Wakachimba. Ketamma alichimba huku akigeuka kila mara kutazama njia, mpaka akajichoma kwa miba mara tatu. Aliyetokea kwanza ni Bibi Dasamma, amemletea ugali ndani ya jani. Aliposikia habari, aliuweka ugali chini.

“Nilikufundisha kurudisha,” alisema. “Sikukwambia nani asirudishwe. Utotoni mwangu hakukuwa na roja ya kumwambia mtoto.” Akapiga magoti, akaingiza mti wake wa kuchimbia viazi ardhini.

Bwana misitu alikuta mistari miwili bado. Ketamma alimwendea kabla hajaulizwa, akamweleza yote, hata maneno ya nguruwe. Yule bwana aliitazama mizizi iliyoning’inia mitini, akamtazama bibi.

“Na kiazi mnakirudisha kweli?”

“Njoo nikuonyeshe nilipochimba nikiwa mwari,” Bibi alisema. “Mpaka leo panachimbwa.”

Bwana misitu alitembea kipande chote, pole pole, akigeuza udongo kwa ncha ya kiatu. “Lango halifungwi leo,” alisema mwishowe. “Nitarudi baada ya mvua ya pili. Siku hiyo sitaki hadithi.”

Jioni Ketamma alikula ugali wote. Lakini upande wa magharibi wingu lilikuwa linajikusanya, naye alikula akiwa amesimama mlangoni, mguu mmoja nje.

“Bibi, mvua ikinyesha leo, roja inachukua siku ngapi?”

“Kaa kwanza umeze,” Bibi alisema, akaenda kuuegemeza mti wa kuchimbia karibu na mlango.