Saa Nne ya Joash

Leonida alikuwa amezoea kuulizwa. Tangu vurugu za uchaguzi za Januari 2008, alipokuwa akiandikisha waliokimbia kambini amekalia ndoo iliyopinduliwa, hadi shirika lao la kuunganisha familia lilipokodi vyumba viwili mjini Eldoret, kila aliyetaka kujua nani kapotezana na nani alimwendea yeye. Bwana Oketch, mkubwa wao, hakukata shauri bila kusema, "Leonida, wewe unaonaje?"

Mwezi wa Mei akaja Ilham.

Ilham alikuwa binti wa mwenye duka la nguo pale mjini, ndiyo kwanza amalize masomo ya kompyuta Nairobi. Kadi za Leonida na wenzake wa kambini zilikuwa zimeshaingizwa kwenye kompyuta na vibarua, lakini hazikusaidia kitu. Watu wengi walikuwa wametoa majina ya uongo kwa kuogopa kabila lao lisijulikane, kwa hiyo kuwaunganisha kulitegemea mahali na wakati: walitenganishwa wapi, siku gani, saa ngapi. Na saa zilikuwa zimeandikwa kama maneno matupu. Kompyuta iliweka "10:15" mbele ya "4:00" kwa kuwa moja hutangulia nne. Haikujua kwamba hizo ni saa.

Ilham alikaa siku mbili, akaandika mistari kumi na miwili ya amri. Mistari ile ilichukua kila andiko, ikaondoa nukta na herufi zilizozidi, ikaligeuza kuwa saa ya kweli, inayoweza kujumlishwa na kutolewa. Kisha ikauliza: ni nani na nani walitenganishwa mahali pamoja, siku moja, bila kupishana zaidi ya saa moja? Familia kumi na tisa zikajitokeza kabla chai haijapoa.

"Huyu msichana ni moto!" Oketch alisema, akampa kiti cha dirishani. Kilikuwa kiti cha Leonida.

Ilham hakuwa na makuu. Alimwita Leonida dada, akamletea sambusa zilizopikwa na mamake. Leonida alizila, na utamu wake ukamuudhi.

Jumanne moja akaja Joash, fundi wa kuchomelea vyuma kutoka mtaa wa Huruma. Alikuwa Mluhya, mkewe, Jepkemboi, Mkalenjin. Siku ya vurugu walikuwa wakikimbia, watu wakamvuta mke juu ya lori, lori likaondoka. Kadi yake aliiandika Leonida mwenyewe: saa nne asubuhi, darajani.

Ilham akatafuta. Hakuna.

Leonida alikuwa amesimama nyuma yake. Kwenye skrini aliona saa ya Joash imegeuzwa kuwa 04:00, alfajiri. Akaelewa papo hapo. Kambini, meza ya watu wa Huruma, aliyoisimamia yeye, iliandika saa ya Kiswahili. Meza na kambi nyingine ziliandika saa ya Kizungu. Vibarua walipiga tarakimu peke yake, na Ilham hakuwapo kambini, angejuaje? Saa sita nzima zilikuwa zimepotea kwa kila mtu wa Huruma.

Neno lilimfika Leonida mdomoni. Akamtazama Ilham pale dirishani, jua limemwangukia begani, akalimeza.

Jumanne iliyofuata Joash akarudi. Hakuna. Oketch akakuna kidevu. "Ilham, una hakika hii kitu yako inafanya kazi?" Ilham akainama. Leonida akajisikia mwepesi kama mtu aliyetua mzigo, na siku hiyo hata wimbo aliimba.

Jumanne ya tatu Joash hakuketi. "Alikuwa na mimba ya miezi saba," alisema. "Mtoto ameshazaliwa, madam. Sijui hata ni wa kike au wa kiume."

Alipotoka, Leonida alivuta kiti. "Ilham, ongeza saa sita."

"Wapi?"

"Kadi zote za meza ya Huruma. Nne yao ni kumi yako. Za usiku, ongeza kumi na nane."

Ilham akageuka polepole. "Umejua tangu lini, dada?"

"Tangu Jumanne ile ya kwanza."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu yako."

Ilham alifuta machozi kwa ncha ya mtandio, akaanza kuandika bila kumtazama tena. Kadi moja ikatokea: mwanamke mjamzito, darajani, 10:15, kambi ya Kitale. Alikuwa amejiita Nanzala, jina la jirani.

Wakapiga simu Kitale. Ndiyo, alikuwapo, na mtoto. Lakini alikuwa amevuka mpaka kuingia Uganda siku tisa zilizopita. Laiti Leonida angesema Jumanne ya kwanza, Joash angemkuta.

Oketch alimpongeza Ilham kwa kugundua zile saa sita. "Ni dada Leonida aliyeona," Ilham akajibu, bila kuzitaja zile Jumanne. Leonida akamwonea wivu hata kwa uungwana huo.

Joash alimpata mkewe mwezi wa Julai. Leonida alipopata habari alikwenda Huruma kwa miguu. Jepkemboi alikuwa mlangoni, mtoto wa kike mgongoni, Joash akichomelea vyuma kando.

"Wewe ndiye Ilham?" aliuliza, uso umechangamka.

"La. Mimi ni Leonida." Akamweleza yote, amesimama, bila kujitetea.

Joash aliweka chini chuma alichokuwa ameshika.

"Kule ng'ambo mtoto alipata homa," Jepkemboi alisema. "Nilimbeba nikitafuta dawa, sijui mtu. Nilijua nitamzika huko."

"Nisamehe, mama."

Jepkemboi alimfungua mtoto mgongoni, akampa Joash, akaingia ndani. Leonida alisubiri hadi alipoona hatatoka, akamuaga Joash, akashika njia ya mjini.