Mgongo kwa Mgongo

Ghita aliteremka kichochoro cha hamamu, bafu la mvuke la mtaa, kwa mwendo wa mtu aliyeacha chungu motoni. Mkononi alikuwa na ndoo, sabuni nyeusi na mkeka mdogo. Nyumbani alimwacha mwanawe Yunus, wa miezi mitano, kwa mama mkwe wake, Lalla Kenza.

"Nitakaa naye mpaka adhana ya alasiri," Lalla Kenza alikuwa amemwambia. "Ikisikika na wewe hujafika, usiniombe tena."

Lalla Kenza hakuwa mkali, ila alikuwa mtu wa kushika neno lake. Na Ghita aliihitaji hamamu. Kila siku, kutwa nzima, alimbeba mtoto mgongoni huku ameinama juu ya vifungo vya hariri, akivisokota kwa sindano, kimoja baada ya kingine, kwa ajili ya majoho ya watu. Asubuhi ile aliinama kumwinua Yunus sakafuni, mgongo ukagoma katikati. Alibaki vile vile, mikono ikining'inia, mtoto akimcheka. Asipokandwa, kesho angeinuliwa yeye.

Chumba cha moto kilijaa vigelegele. Yamna, mkandaji, alikuwa ameshikwa na watu wa bibi harusi.

"Ngoja tu," Yamna alisema kutoka kwenye mvuke. "Nimebakiza shangazi zake."

"Wako wangapi?"

"Ukoo huu, mwanangu, hauna mwisho."

Ghita akakaa. Akainuka. Akaongeza maji kwenye ndoo iliyokwisha kujaa. Kifua kilianza kumvuta kwa maziwa.

Jirani yake aliketi mwanamke mtu mzima, mgeni kutoka milimani, mwenye alama ya buluu iliyochorwa kidevuni. Akamwonyesha glavu ya kusugulia. "Tubadilishane migongo?"

Kwetu swali hilo halikataliwi. Hujui jina la mtu wala mtaa wake. Unamkanda, naye anakukanda, mnaachana. Mwenye haraka ndiye huanza kumkanda mwenzake, ili likitokea la kutokea asiondoke na deni. Ghita aliyajua hayo, lakini mgongo ulimtangulia kujibu.

"Anza wewe, mama."

Akalala kifudifudi kwenye mkeka.

"Shusha mabega," yule mama alisema.

"Nimeshusha."

"Hujashusha. Yamesimama kama askari wa lango. Nani anakuja?"

"Mtoto. Yuko nyumbani."

"Basi hayuko hapa. Hapa niko mimi."

Vidole gumba vikapanda taratibu kandokando ya uti wa mgongo, vikasimama penye fundo, vikangoja. Ghita aliwaza maziwa, mlango, moto wa jikoni kama kweli aliuzima. Fundo likalegea, akahisi jingine linaanza kulegea chini yake. Hakujua alisinzia lini. Alijua tu kwamba adhana ilimkuta shavu likiwa sakafuni.

Akaruka wima. "Mama, nisamehe, mtoto—"

"Nenda. Mgongo wangu hauozi."

Kwenye chumba cha nguo, Fatna mlinda mizigo alimkabidhi furushi lake. "Leo umewahi. Nani kakukanda?"

"Mama mmoja wa milimani."

"Na mgongo wake?"

Ghita alifunga kitambaa kichwani. Akakifungua.

Alimkuta yule mama anajitahidi kujisugua mwenyewe, mkono umepinda nyuma, glavu haifiki.

"Ulisema unakwenda."

"Nilikwenda. Lala, mama."

Alimkanda kwa pupa, sikio likiwa mlangoni.

"Polepole, binti. Unakanda mgongo au unga?"

"Vyote navikanda hivi hivi."

Chini ya kiganja, upande wa kushoto, alikuta uvimbe mgumu. Akapunguza mwendo.

"Hapo," mama alisema. "Hapo ndipo alipokuwa akikaa mwanangu wa mwisho."

"Yuko wapi sasa?"

"Ana ndevu. Lakini mahali pake pako."

Ghita hakuondoka mpaka palipolainika kidogo.

Alipanda ngazi za nyumbani akitega sikio asikie kilio. Hapakuwa na kilio, na hilo likamtisha zaidi. Akasukuma mlango.

Lalla Kenza alikuwa amelala kifudifudi zuliani. Safae, bintiye Ghita wa miaka mitatu, alikuwa anatembea juu ya mgongo wa bibi yake, kashika ukuta. Yunus alilala pembeni akiwatazama, mashavu yana machozi yaliyokauka.

"Umechelewa," Lalla Kenza aliliambia zulia.

"Nimechelewa, Lalla."

"Hakunyamaza mpaka nikambeba mgongoni. Nikamzungusha nyumba nzima. Sasa mimi ndiye nisiyeinuka." Akashusha pumzi. "Safae, chini kidogo. Nilisema sikai naye tena, na sikai."

Ghita akamchukua Yunus, akamweka kifuani.

"Alhamisi ijayo baba yao atakaa nao," Lalla Kenza aliendelea. "Mimi nitakwenda na wewe. Na utaanza na mgongo wangu."

"Akilia je?"

"Ana mgongo, baba yao. Autumie."

Yunus alinyonya kwa nguvu. Mabega ya Ghita yalikuwa yamekwisha kupanda tena. Akayasikia, akayashusha, yakapanda.