Tangi Moja, Wakwe Wawili

Tangi la kupozea maziwa lilikuwa moja, nchi zilikuwa mbili. Serikali zote mbili zilichangia, mfuko wa maendeleo wa ng'ambo ukajazia pengo, na sharti lilikuwa jepesi: wafugaji wa pande mbili za mpaka wakubaliane wenyewe likae wapi. Wakishindwa, fedha ziende kwenye mradi mwingine.

Ndiyo maana asubuhi ile Mwenyekiti wa wafugaji wa upande mmoja, mama wa makamo, alikuwa amekaa katika chumba cha mikutano cha ofisi ya mpakani, viatu vipya vikimbana, macho yake upande wa pili wa meza. Pale, katikati ya wajumbe wa nchi jirani, alikaa binti yake wa pekee, mweka hazina wa ushirika wa huko. Aliolewa huko. Kando yake alikaa mama mkwe wake, kiongozi wa upande ule, mwanamke mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio bonde la pili.

Mwenyekiti alilitaka tangi lile, tena kwa sababu ambayo hakuwa amemwambia mtu. Likikaa kwake, binti atavuka kila asubuhi kuleta maziwa. Sasa walikuwa wakionana misibani na harusini tu, na huko hakuna nafasi ya kuzungumza, kuna sufuria za kuosha.

Ofisa wa mfuko, kijana mpole, akafungua kompyuta yake. "Tuanze na wewe, mama. Likae wapi?"

Ulimi ukamponyoka. Mkwe hanyang'anywi kitu mbele za watu.

"Likae kwao," alisema. "Sisi tutapeleka maziwa huko. Wakwe kwanza."

"Hata!" Mama mkwe akaruka. "Tumechukua binti wa watu, tuchukue na tangi? Likae kwao."

"Usinitie aibu, mkwe wangu. Kwenu."

"Na wewe usinifanye mroho. Kwenu!"

Wajumbe wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Hivyo ndivyo wakwe wa pale walivyogawana kila kitu: mnasukumiana weee, mpaka mmoja anakubali shingo upande, na kila mtu anarudi kwake na heshima yake. Lakini Ofisa hakuwa mtu wa huko. Alikuwa anaandika.

"Upande wa kwanza hauhitaji," akasoma. "Upande wa pili hauhitaji." Akaifunga kompyuta taratibu. "Nashukuru kwa kusema ukweli. Kuna watu wa visima wanazingoja fedha hizi."

Akaanza kukusanya karatasi zake.

"Jamani," akanong'ona mjumbe mmoja nyuma, "adabu imetumaliza."

Mwenyekiti akamtazama binti yake. Binti alikuwa kati ya mama aliyemzaa na mama aliyempokea, angesema nini? Aliinamisha kichwa, akabana midomo vilevile alivyoibana utotoni kabla ya kulia.

"Mwanangu, fungua hiyo mashine yako," Mwenyekiti akamwambia Ofisa. "Nimesema uongo. Wa heshima, lakini ni uongo. Tangi nalitaka."

"Kwa sababu gani, mama?"

"Nina hamu na mtoto wangu. Likikaa kwangu, atakuja na maziwa. Nyingine sina."

Uso ulimwaka kwa aibu. Kisha mama mkwe akaangua kicheko, kiti kikalia chini yake.

"We mama! Si ungesema? Huyu kila jioni anasimama mlangoni anatazama upande wenu mpaka mboga inaungua. Tangu aje kwangu nakula masizi kwa ajili yako! Likae kwao, bwana."

"Samahani," Ofisa akauliza kwa woga, "hiyo ni heshima tena?"

"Hiyo ni njaa. Andika!"

"Ila fomu inataka sababu ya kitaalamu."

"Andika kwetu umeme unakatika ovyo," mama mkwe akasema. " Na ni kweli."

Wakatia sahihi mmoja mmoja. Zamu ya mweka hazina ilipofika, Mwenyekiti alijikohoza, akavaa sauti ya uenyekiti.

"Kwetu maziwa yanapokelewa alfajiri. Usije ukachelewa."

"Nilichelewa lini, mama?"

"Hata kuzaliwa ulichelewa. Nilikungoja wiki nzima, watu wakaanza kunishauri."

Binti akacheka huku akijifuta macho kwa kiganja.

"Basi umeshazoea kuningoja," akasema.