Nguzo Nne za Mbuchi

Mwanga wa asubuhi ulishuka juu ya maji ya mafuriko, ukapenya katikati ya mpunga, ukapanda ngazi ya dungu, kibanda chetu cha juu cha kulindia mpunga, kabla ya mtu yeyote kushuka. Asubuhi hiyo ulizaliwa, Mfaume. Uchungu ulimshika mama yako shambani, maji yakiwa yamejaa kila upande, na mama yangu ndiye aliyekukata kitovu. Mimi Zaitun, mtoto wa miaka sita, nilishika beseni.

Nguzo nne, sakafu ya fito, paa la makuti. Kilio chako cha kwanza kiliwarusha ndege wote waliokuwa wakila mpunga wetu.

Ulipofaulu kwenda sekondari, kijiji kizima cha Mbuchi kilikusindikiza hadi kwenye mtumbwi. Ukawa wakili wa serikali, ukawa hakimu, ukawa jaji. Kwenye maulidi tulikuombea dua kwa jina. Tulijidai kwa ajili yako, Mfaume, tulijidai mno, na leo nikikumbuka naona aibu.

Ikaja miaka ya ruksa, biashara ikafunguliwa kwa kila mtu. Kila mwenye gari na mkoba akawa mwekezaji, na mmoja wao akayataka mashamba yetu ayafanye ya chumvi. Alisema ni pori, halina mwenyewe. Tulikwenda mahakamani tukicheka, maana jaji ulikuwa wewe.

Ukaja kuliona eneo. Ukaja na suti, ukaja na karani, ukaja kwenye boti ya huyo huyo mwekezaji. Na ukaja Septemba.

Septemba! Mtoto wa Mbuchi haulizi Septemba watu wako wapi. Mpunga ukishavunwa tunashusha makuti ya dungu yasiliwe na mchwa, tunahamia ardhi ya juu, tunaacha nguzo zimesimama. Nguzo zikisimama, shamba lina mwenyewe. Hata mwizi wa kwetu anaziheshimu.

Nilisimama kwenye tope nikapaza sauti: "Mheshimiwa! Nguzo hizi zangu mie, na zile pale za marehemu mama yako!" Ukamwambia karani aandike. Nikafurahi, mjinga mimi, nikadhani anaandika nilichosema.

Baada ya miezi miwili ulitusomea hukumu kwa sauti yako mwenyewe: eneo halina wakazi, wala dalili ya makazi, isipokuwa miti michache iliyosimikwa ardhini.

Miti michache! Miti michache ndiyo iliyokushikilia usidondoke majini, ukiwa mtoto wa saa moja. Nguzo nne, Mfaume. Ungekuwa mtu wa bara ningekusamehe, ningesema hajui. Wewe ulijua. Hicho ndicho kinachonichoma mpaka leo, kwamba ulijua.

Yakaja matingatinga, yakang'oa nguzo, yakainua matuta, na maji ya bahari yakaachiwa yaingie. Mimi nikahamia Kibiti kwa binti yangu Salima. Napika vitumbua kwa mchele wa dukani, mimi niliyekuwa nikila mpunga wangu mwaka hadi mwaka.

Mwaka huu umestaafu. Ijumaa baada ya swala ulisimama mlangoni pangu, kichwa cheupe, na binti yako Hadija pembeni.

"Shikamoo, dada Zaitun."

"Marahaba."

"Nipeleke Mbuchi, dada. Nataka huyu mwanangu apaone nilipozaliwa."

Nilikupeleka kesho yake asubuhi, wala sikukubishia. Tulisimama juu ya tuta, sisi watatu, na mbele yetu kulikuwa na vyumba vya kukaushia chumvi hadi macho yanapokoma. Ulitazama kulia, ukatazama kushoto. Ulitembea hatua chache, ukarudi.

"Wapi hasa, baba?" Hadija aliuliza.

Ukanigeukia mimi nikuonyeshe. Midomo ilikucheza, na kwa mara ya kwanza tangu tukiwa watoto nilikuona unataka kulia.

"Mie sijui, mheshimiwa," nilisema. "Hapa hapakuishi mtu. Uliandika mwenyewe."

Mwanga wa asubuhi ulishuka juu ya chumvi, mkali, mweupe, ukatutoa machozi sote watatu. Mwanga ukabaki pale pale chini, haukuwa na ngazi ya kupanda.