Uvimbe Usiokua

Asubuhi ya kidonge cha tisa, fundi cherehani aliingia jikoni akakuta watu kumi na mmoja, kila mmoja na kimo cha kijiti cha kiberiti, wamekaa ukingoni mwa sinki na barua mapajani. Walikuwa wajumbe wa kukua. Kazi yao ilikuwa kugonga milango ya seli za uvimbe wa shingoni mwake na kusoma amri: kueni. Sasa dawa ilikuwa imeziba kila tundu la ufunguo.

"Tunagonga, mama, hatusikiki," mkubwa wao alisema.

"Ndivyo daktari alivyoniambia," alijibu, akateleka chai.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye aliwapa bakuli la vifungo wapange kwa rangi, nao wakapanga huku wakinung'unika. Kila Ijumaa alipima uvimbe kwa futi yake ya kushonea. Sentimita tatu, na Ijumaa iliyofuata tatu vilevile.

Vidonge viliposalia vinne alikwenda hospitali, dirishani kwa karani wa dawa. Fomu ya kuongezewa ilikubali sababu moja tu: uvimbe umekua.

"Wako umekua?"

"Haujakua."

"Basi dawa ya nini?"

"Haujakua kwa sababu ya hiyo dawa, baba!"

"Hapa hapana pa kuandika hivyo."

Kesho yake alirudi na wajumbe ndani ya kikapu, akawapanga mbele ya karani. Mkubwa wao alieleza kinagaubaga: dawa ikiisha, wataingia. Karani alisikiliza mpaka mwisho, akasogeza kikombe chake asije akawamwagia.

"Nimewaelewa. Lakini hao ni mashahidi, na fomu haina nafasi ya mashahidi. Subira huvuta heri, mama."

"Heri gani, na shingo ni yangu?"

Karani alimwita aliyefuata.

Kidonge cha mwisho alikimeza Jumatano. Alhamisi wajumbe walimaliza vifungo, wakanyoosha mashati, wakachukua barua zao.

"Tusamehe, mama. Sisi tunatumwa tu."

"Nendeni," alisema. Hakuwakasirikia. Hasira yake yote aliiacha kule dirishani, na wala hapakuwa na wa kuipokea.

Baada ya wiki sita futi ilisoma saba, na hata mate aliyameza kwa shida. Karani aliandika saba, akagonga muhuri, akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Unaona? Fomu ikijazwa vizuri, hapana usumbufu."